Niliwadanganya wafugaji wa Mongolia kuwa naumwa tumbo, sasa wananiita tena

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 25, mzaliwa wa Pangani. Huu ni mwaka wa tatu niko Hohhot, kaskazini mwa China, kimasomo. Nimejifunga kwa mdomo wangu mwenyewe na sioni pa kutokea, ndiyo maana nakuandikia.

Bwenini nakaa na binti wa Kimongolia. Nimwite Saraa, ingawa si jina lake. Julai 2024 alinichukua kwenda kwa bibi na babu yake, wafugaji wanaohamahama mkoa wa Arkhangai. Tulipanda treni mpaka mpakani Erlian, tukavuka, tukafika Ulaanbaatar, halafu basi mpaka Tsetserleg, halafu gari la mjomba wake kwenye mbuga isiyo na lami wala kibao. Tulikaa siku sita.

Walinipokea vizuri mno. Bibi, ambaye wote tunamwita Emee, alinishika mashavu kwa mikono miwili kama bibi yangu wa Mkwaja. Siku ya pili asubuhi nikamwona babu amemlaza kondoo chali, akamchana kidogo chini ya kifua, akaingiza mkono, na baada ya muda mfupi kondoo akatulia. Koo halikukatwa. Hakuna tone la damu lililogusa majani. Saraa akaniambia kwa furaha, “Huyu ni wako.”

Shangazi, mimi ni Muislamu. Saraa anajua sili nguruwe, na Hohhot tunakula kwenye migahawa ya Waislamu wa Kihui, kwa hiyo swali la nani kachinja halikuwahi kuzuka baina yetu. Yeye alidhani habari ya nguruwe ndiyo mwanzo na mwisho. Nyama ilipowekwa mbele yangu, watu wote wananitazama, ulimi ukajisemea wenyewe: nina vidonda vya tumbo.

Emee hakulichukulia jambo hilo kwa mchezo. Tangu siku hiyo asubuhi na jioni nikawa napewa supu yangu maalumu, ya mifupa, imechemshwa mpaka ikawa nyeupe. Naipokea kwa mikono miwili, natoka nayo nje kama nakwenda kupunga upepo, namwagia mbwa. Usiku wa tatu nikageuka nikamkuta mjukuu wao wa miaka minane amesimama kando ya pikipiki ananiangalia. Hakusema neno. Mpaka tunaondoka, kila macho yetu yakikutana anacheka.

Halafu nikaharibu na kuondoka kwenyewe. Niliacha chini ya mto noti tano za tugriki elfu ishirini ishirini, kama shukrani. Tumeshafika mbali, tukasikia pikipiki nyuma yetu: babu anatufukuza, kumbe wamedhani nimesahau pesa zangu. Saraa alielewa mara moja. Aliniambia sentensi moja tu, “Bibi yangu si gesti,” akanyamaza mpaka Tsetserleg.

Sasa wanatuita tena, safari hii Julai nzima. Kila akipiga simu Emee anauliza kama mtoto wa tumbo amepona. Ametuma hata chupa ya mafuta ya matunda fulani ya rangi ya chungwa, dawa ya tumbo, ipo mezani kwangu inanisuta. Mama yangu anasema nisiende, nitalishwa nyamafu na pombe ya maziwa. Mimi nataka kwenda. Niendelee kuumwa? Nipone ghafla? Nikisema kweli, Saraa si ataona mwaka mzima nilimfanya mjinga? Na pesa zile, ningefanyaje?

Mgonjwa Asiyeumwa, Hohhot

*

Marahaba mwanangu,

Hilo la mbwa limenivunja mbavu, lazima nikiri. Lakini tuache mbwa kwanza, nitamrudia.

Nenda. Na ukapone kabla hujafika, maana ukiendelea kuumwa Julai nzima utakunywa lita ngapi za supu ile, na mbwa mmoja hatazimaliza.

Unasikitika kwamba ulikataa nyama ya watu. Hapo hukukosea. Ulikosea ulipodhani watu wale hawawezi kuelewa kwamba kuna kitu mtu hali. Hebu kumbuka siku yako ya kwanza pale. Nina hakika Saraa alikunong'oneza mlangoni: usikanyage kizingiti. Ukiwa ndani: usipite katikati ya nguzo mbili za katikati. Usinyooshe miguu kuelekea jiko. Usitupe takataka kwenye moto. Ukipewa kitu, pokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ushike kiwiko, na mikono ya shati iwe imeshushwa. Huo wote ni mwiko juu ya mwiko, na wana neno lao kwa ajili yake, tseer. Mtoto wa miaka minne anaujua. Uliingia kwenye nyumba ya watu wa miiko kuliko hata wazee wetu wa Pangani, ukaishika ya kwao siku sita bila kukosea, kisha wa kwako mmoja ukauficha kama kitu cha aibu.

Mimi nililala kwenye ger, hema lao la duara, usiku tisa mwaka 2012, mkoa wa Övörkhangai, jirani na hao wa kwako, nikiwa na wenzangu wa mradi wa mifugo. Kati yetu alikuwapo Msabato, mtu wa Musoma. Ikaletwa nyama ya farasi. Akasema hali. Mkalimani akatafsiri, mzee akauliza swali moja tu, ni mwiko? Akajibiwa ndiyo. Akasogezewa wali wa maziwa, na mazungumzo yakarudi kwenye mvua. Haikuchukua dakika moja. Wewe umeibeba mwaka mzima.

Ila nikueleze na upande wa pili, ili usifike kule ukaharibu kwa njia nyingine. Ule mkono ulioingia kifuani kwa kondoo haukuwa ukatili wala ushamba. Unakwenda moja kwa moja kwenye mshipa mkubwa ulio karibu na moyo, ukaukata kwa vidole. Damu inabaki ndani, inachotwa, inatiwa kwenye utumbo na kupikwa. Kumwaga damu chini, kwao, ni kuitia ardhi unajisi na kuudhalilisha mnyama. Kwetu damu isipomwagika nyama haifai, kwao ikimwagika ndiyo imeharibika. Mgongano huu wa kisu ni wa kale: mwaka 1280 Kublai Khan, mfalme wa Wamongolia, alipiga marufuku kuchinja kwa kukata koo katika himaya yake, na kilichomuudhi ni wafanyabiashara Waislamu waliokataa kula kwenye karamu yake. Kwa hiyo wewe si wa kwanza kususa kondoo wa Mmongolia. Bahati yako mwenyeji wako ni Emee.

Sasa wapo watakaokushauri umwombe babu akate koo, au uchinje mwenyewe, maana mwanamke Muislamu kuchinja inajuzu kwa wanazuoni wengi. Kama Emee mwenyewe atapendekeza hivyo baada ya kusikia, hiyo ni neema, ichukue. Wewe usiliombe. Utakuwa unamtaka mzee afanye mbele ya hema lake kitu alichokatazwa tangu utotoni, ili wewe usifanye kitu ulichokatazwa tangu utotoni.

Wala huna haja nayo, kwa sababu unakwenda Julai. Wamongolia wenyewe hugawa chakula kwa rangi: vyekundu, yaani nyama, ni vya baridi, vyeupe, yaani vya maziwa, ni vya kiangazi. Julai ng'ombe, yaki, mbuzi na kondoo wote wanakamuliwa na nyumba nzima inanuka maziwa. Mwaka jana ulichinjiwa kwa sababu ulikuwa mgeni, vinginevyo huenda wao wenyewe wangekula vyeupe wiki nzima. Kuna chai ya maziwa yenye chumvi, ambayo utakuwa umeshaizoea. Kuna öröm, ule utando mzito wa maziwa yaliyochemshwa polepole, ambao ukiuchukulia kama samli changa utaupenda. Kuna mtindi. Kuna wali uliopikwa kwa maziwa. Kuna aaruul, jibini lililokaushwa juani juu ya paa mpaka likawa gumu kama kokoto za Mto Pangani. Hilo ni la kumung'unya, usilitafune kama una jino bovu.

Mambo matatu uyaulize kwa upole, kupitia Saraa. Boortsog, yale maandazi yao, mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya mnyama. Hapo nina mpango: nunua mafuta ya mbegu, lita tano, na ngano, na siku ya kwanza tu jitolee kuwakaangia maandazi ya kwenu. Iliki ubebe wewe. Sioni bibi mfugaji atakayekataa andazi la iliki na chai ya chumvi, na hapo utakuwa umelimaliza suala la mafuta bila hotuba. La pili, chai wakati mwingine hutiwa vipande vya nyama au mafuta ya mkia wa kondoo. Sema mapema utiliwe isiyo na kitu. La tatu ni pombe, na hapa mama yako ana hoja.

Airag ni maziwa ya farasi yaliyochachushwa. Hukaa kwenye mfuko mkubwa wa ngozi karibu na mlango, na kila apitaye huusukasuka kwa mti wake. Ina kilevi kidogo, kama asilimia 2. Utasikia kwamba Wakazakhi wa Bayan-Ölgii, magharibi kabisa ya nchi hiyo hiyo, ni Waislamu na wanakunywa ya kwao bila shida. Ni kweli wapo wanaokunywa. Lakini wao ni Wahanafi na wana mazoea yao, sisi wa pwani wengi ni Washafii, na mimi si sheikh, kwa hiyo swali hilo mpigie mwalimu wako wa madrasa. Ninachokijua ni adabu ya kukataa. Usitikise kichwa wala usirudishe mkono nyuma. Pokea bakuli kwa mikono miwili, lishike kidogo, mtazame aliyekupa, mrudishie kwa mkono wa kulia. Bakuli lililopokelewa na kurudishwa haliudhi mtu. Linaloudhi ni lile lililokataliwa likiwa bado hewani. Na kuwa macho na arkhi, pombe kali ya maziwa: haina rangi, huletwa ya vuguvugu kwenye bakuli dogo, mtu akiwa na kiu anadhani maji.

Hata kama sheikh wako angeiruhusu airag, mimi ningesita kwa sababu nyingine. Haichemshwi, na ugonjwa wa brusela umeenea sana kwenye mifugo ya Mongolia. Maziwa mabichi ya mnyama yeyote yakatae kwa njia hiyo hiyo ya mikono miwili. Na nyama ya panya buku wao wa mbugani, marmot, usiikaribie hata kama angechinjwa na imamu, hubeba tauni. Mwaka 2019 mume na mke walikufa Bayan-Ölgii baada ya kula viungo vyake vibichi.

Turudi kwenye ukweli wenyewe. Wa kwanza kuambiwa ni Saraa, na aambiwe leo au kesho, chumbani, ana kwa ana, chai ikiwa mkononi. Usimtumie ujumbe wa simu. Usianze na dini; anza na uongo, maana huo ndio utakaomuuma. Mwambie hivi: “Mwaka jana sikuwa na vidonda vya tumbo. Dini yangu inanitaka nile nyama iliyochinjwa kwa namna yake, niliona haya kusema mbele ya watu, nikadanganya. Nimekufanya na wewe umdanganye bibi yako.” Halafu nyamaza. Mwache anune, ana haki. Mtu aliyekaa na wewe chumba kimoja miaka mitatu atanuna siku mbili, siku ya tatu atataka kujua habari za mbwa.

Neno moja liangalie kwenye ulimi wako: usiseme nyama yao ni haramu, wala usitumie neno la mama yako. Nyamafu! Mungu amsamehe mama. Sema ni mwiko wako. Wewe ndiye mwenye sharti, nyama yao haina kasoro.

Kisha Saraa ampigie Emee simu kabla hamjafunga mizigo, amweleze habari ya nyama. Kabla, mwanangu. Sababu ni yule kondoo. Majira ya baridi ya 2023 kuingia 2024 yalikuwa ya dzud, yaani theluji na barafu vilifunika majani mpaka mifugo ikafa kwa njaa imesimama. Zaidi ya mifugo milioni 7 ilikufa nchi nzima. Miezi michache baadaye ukaja wewe, mzee akaenda kwenye kundi lililosalia akachagua kondoo, ukaambiwa huyu ni wako. Sikwambii haya ili ulie. Nyama ililiwa na wenyewe, haikupotea. Nakwambia ili mwaka huu asichaguliwe mwingine kwa jina lako.

Kuomba radhi kwa Emee kwafaa kuwe uso kwa uso, ukishafika, siku hiyo hiyo ya kwanza. Hawezi kuendelea kutafuta dawa ya mtu mzima wa afya. Hayo mafuta uliyotumiwa, nadhani ni ya chatsargana, tunda dogo la vichaka vya baridi. Watu huyachuma katikati ya miiba, na kwao ni dawa ya tumbo inayoheshimiwa. Beba chupa urudi nayo, uiweke mbele yake kwa mikono miwili, umwambie kuna mwenye kuihitaji kuliko wewe. Hutahitaji maneno mengi baada ya hapo.

Kuhusu pesa, Saraa alikujibu vizuri kuliko nitakavyojibu mimi. Zipo familia nyingi Mongolia zinazopokea watalii kwa malipo, bei inajulikana, unalipa, mnapeana mikono, hakuna aliyedhalilika. Kwa Emee hukwenda kwa mlango huo. Pesa chini ya mto inasema: tumemalizana. Na mimi nimewahi kuwakuta wageni wa Kizungu wakiwafanyia Wamasai wa Kilindi vivyo hivyo, kisha wanashangaa kwa nini mama mwenye boma amenuna.

Lakini mwezi mzima ni mwezi mzima, huwezi kwenda mikono mitupu. Zile laki moja za tugriki, na uongeze, mpe Saraa mkiwa Tsetserleg, mwende sokoni pamoja: gunia la ngano, mchele, sukari, chai iliyogandamizwa kama tofali, betri za tochi, na mafuta ya pikipiki ya babu, ambaye bado anakudai shukrani kwa ile mbio. Vitu hivyo vikiingia vinaingia kama vya mjukuu aliyetoka mjini, hakuna atakayevirudisha. Usitarajie vifunguliwe na kusifiwa mbele yako. Vitawekwa kando, ndiyo desturi.

Halafu chapisha picha. Picha za karatasi, zile ulizopiga mwaka jana. Uliona wapi picha za ukoo zinakaa: upande wa juu kabisa, wa kaskazini, mahali pa heshima. Ukifika ukakuta hata moja yako imewekwa pale, usinieleze tena habari za kuomba radhi.

Na khanga. Mwombe mama yako akutumie doti moja, itampa na yeye sehemu katika safari anayoikataa. Chagua jina kwa makini, maana Emee atauliza limeandikwa nini na Saraa atatafsiri kwa sauti. Ningetafuta yenye “Mgeni njoo mwenyeji apone”, ingawa kwenu mambo yalikuwa kinyume, mwenyeji ndiye aliyemuuguza mgeni.

Kuna jambo hukuliuliza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe ulikaa siku sita bila jembe, kwa sababu mgonjwa hapewi jembe. Uongo wako ulikunyang'anya hata kazi. Mwaka huu liombe. Jembe lao ni kikapu cha mgongoni na kijiti cha uma: unakwenda mbugani kuokota samadi kavu ya ng'ombe kwa ajili ya jiko, na ukishazoea utajua kwa jicho ipi imekauka na ipi itajaza ger moshi. Kuna kuteka maji. Kuna kukamua mbuzi, waliofungwa shingo kwa shingo safu mbili zinazotazamana kama abiria wa daladala. Emee atacheka vidole vyako siku tatu za kwanza. Mwache acheke. Kusukasuka mfuko wa airag, hilo mwulize sheikh pamoja na lile lingine.

Machache ya haraka, ya kike. Pedi ulizotumia usizitupe kwenye jiko kamwe, moto ule ni mtakatifu. Zifunge kwenye mfuko mweusi urudi nazo mjini. Usifue wala kuoga ndani ya mto, chota maji uende mbali. Beba sweta zito, Julai ya kule usiku si Julai ya Pangani. Chanjo ya kichaa cha mbwa iulizie Hohhot kabla ya safari, na mkikaribia hema lolote geni paza sauti, nokhoi khor, yaani shikeni mbwa, kabla hujashuka kwenye gari.

Sala isikupe tabu. Mlango wa ger hutazama kusini na sanamu za Buddha ziko kaskazini. Kibla ukiwa Arkhangai ni karibu magharibi kabisa, mkono wa kushoto ukiingia, upande ule ule wanaokaa wageni. Kwa hiyo hutaielekea madhabahu yao wala hutaigeuzia mgongo. Mwambie Emee kwamba mara tano kwa siku utasimama pale dakika chache. Ila jua linazama saa tatu usiku, magharibi utaisali watu wengine wameshaanza kupiga miayo.

Mama yako mpigie simu ya video siku moja mkiwa na mtandao, umwonyeshe Emee anavyokamua. Wanawake wawili waliolea wajukuu wataelewana hata bila mkalimani. Kabla ya hapo mwambie utakula wali, mtindi na maandazi yako mwenyewe, na kwamba mwalimu wa madrasa ameulizwa. Akiona mambo yamepangwa ataacha kusema habari za nyamafu.

Sasa yule mtoto. Atakuwa ametimiza miaka tisa. Mimi nimelea wavulana watatu, na sijawahi kuona wa miaka minane aliyetunza siri tamu kama hiyo mwaka mzima. Isome tena sehemu ile ya barua yako ambapo Emee anauliza kila mara kama mtoto wa tumbo amepona, na umuulize Saraa huwa anauliza kwa sauti gani. Nina shaka bibi huyo anajua zamani sana, na kwamba wanacheka huko mbugani kila mwezi. Mpelekee kijana mpira wa miguu mzuri, na pampu yake. Na mkishuka kwenye gari ukaona mbwa anakukimbilia wewe peke yako huku mkia unazunguka, usishangae, bado anaikumbuka supu.

Shangazi